Kura ina saa zake, mgodi una saa zake

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa kambi na wa site, tuko na neno juu ya siku ya kura, ile ya tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023. Wengi wamekwisha kuongea. Wanasiasa wanabishana nani alishinda kweli, wanasheria wanabishana juu ya korti. Sisi wa sendika tuna ulizo moja ambalo hatukulisikia redioni: mtu wa ekipe, mwenye kuingia saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, alipashwa kupiga kura saa ngapi?

Tufanye hesabu pamoja. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kinafungwa saa kumi na moja jioni. Ni masaa 11. Posti yetu ni masaa 12. Mtu wa mchana anakuwa ndani ya kariere wakati wote ule kituo kiko wazi. Mtu wa usiku anatoka saa ileile kituo kinafunguliwa, bisi inamfikisha mjini jua limekwisha kupanda, macho mekundu, viatu vya matope, na saa kumi jioni bisi ya kurudi inapiga honi kwenye kona. Ni yeye tu mwenye nafasi, tena kwa karatasi. Na mtu asituambie kwamba siku ya konje watu wote wanapumzika. Mu mgodi pompe haisimami. Ikisimama, maji yanapanda. Four nayo haizimwi kama mbabula.

Sasa tuone siku yenyewe. Vituo vingi havikufunguliwa kwa saa. Pengine vyombo havikufika, pengine mashini ya kuchagulia ilikosa batri, pengine liste ya majina haikubandikwa ukutani na watu walitembea kutoka masomo moja mpaka masomo ingine wakitafuta jina lao. Mmoja wa posti ya usiku alituambia hivi: "Nilifika pale nikiwa wa kumi na tano. Saa sita tulikuwa tungali nje. Saa nane wakaanza, lakini mashini inabeba mtu mmoja mmoja, tena wazee hawajui kufinya. Saa kumi bisi ikapita. Nikaenda kazi. Kura yangu ilibakia pale mu mulongo."

Sheria inasema mwenye kuwa mu mulongo saa ya kufunga hafukuzwe, anangojewa mpaka apige. Sheria nzuri. Lakini sheria ile inajua kungoja kwa kituo, haijui kungoja kwa bisi.

Hatusemi CENI ilikuwa na kazi nyepesi. Nchi ni kubwa, mwezi wa 12 ni mvua, barabara zetu mnazijua. Walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44, na kura zilikuwa nne siku moja: ya rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo, na ya washauri wa komini. (Hii ya komini ilifanywa mu miji mikubwa ya majimbo tu, kwa hiyo Kolwezi na Lubumbashi walipata, Likasi hawakupata. Na kusema mwaka 1957, wakati ungali unaitwa Jadotville, mji ule ulikuwa mmoja wa mitatu ya kwanza kupiga kura ya komini mu Kongo ya Wabelgiji. Wanaume peke yao, lakini walipiga. Babu alichagua, mjukuu anangojea.) Tunajua pia kwamba mwezi wa kwanza CENI yenyewe ilifuta kura za wakandideti 82 juu ya udanganyifu, na kati ya mambo yaliyosemwa ni mashini za kuchagulia zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi. Hapo ndipo mtu wa posti ya usiku alipochoka kabisa. Yeye alikosa mashini mu kituo, kumbe kuna mwenye nayo nyumbani.

Na karte. Ile karte ya mchaguzi kwetu si ya kura tu, ndiyo kitambulisho chetu. Unaionyesha banki, unaionyesha kwenye mlango wa kampuni wakati wa kuomba kazi, unaionyesha barrière. Ilitolewa mwaka uleule, na kwa wengi ilifutika mbele ya mwisho wa mwaka. Picha ikageuka kivuli. Ndipo mulongo wa duplikata, na mulongo ule nao ulikuwa wa saa za biro, siku za kazi, wakati watu wetu wako shimoni.

Jioni ya tarehe 20 tangazo likatoka: vituo ambavyo havikufunguliwa vitaendelea tarehe 21. Mjini watu walifurahi. Kwetu taabu ilianzia hapo, na inatuleta kwenye biro yetu.

Kwa wasiojua: sisi tunaoandika hapa tulichaguliwa madelege na wenzetu mu uchaguzi wa sendika ndani ya kampuni, na tangu mwanzo wa mwezi wa kwanza tumetoka kwenye mashini, tumekaa biro. Chumba kimoja, meza mbili, ordinateri moja ya zamani, klimatizeri inayolia kuliko kupooza. Mtu aliyeendesha kamio ya tani 90 miaka 12 anaandika barua kwa vidole viwili. Mgongo unauma namna ingine, hatukujua kama kiti nacho kinaumiza mgongo. Saa sita unatafuta kelele ya kupasua mawe, husikii kitu, unadhani kuna hatari. Mambo ya namna ile yanapita. Wanawake wetu ndio waliocheka zaidi, juu nguo za kufua hazina tena vumbi la kijani.

Dosiye ya kwanza iliyotua juu ya meza ile ilikuwa ya siku ya kura. Watu 11. Wote vituo vyao havikufunguliwa tarehe 20. Wote walirudi tarehe 21, wakapiga, wakaja kazini siku iliyofuata. Kwenye buletini ya mshahara ya mwezi wa 12: absansi siku moja, bila sababu. Na kwa mmoja ambaye alikuwa na absansi ingine ya mbele, barua ya onyo.

Direksioni ilijibu kwa adabu, tena haraka. Ilisema karatasi iliyobandikwa kwenye mlango iliongea tarehe 20, haikuongea 21. Ilisema sefu wa ekipe hana uwezo wa kutoa ruhusa kwa kusikia redio. Tukaambiwa: leteni hakikisho ya kwamba watu hawa walipiga kura tarehe 21.

Hakikisho! Mnajua mtu anahakikishwa kwa nini kwamba alipiga kura? Kwa wino kwenye kidole. Buletini inatoka mwisho wa mwezi. Mtu wa mgodi ananawa mikono kwa sabuni ya mafuta na wakati mwingine kwa mazuti. Wino ule unaosemwa haufutiki ulikuwa umekwenda kabla ya Noeli. Kituo hakitoi karatasi. Tulikwenda kuuliza mwenye kituo kimoja, tukakuta masomo imekwisha kurudia kuwa masomo, watoto wanaimba, na mwalimu anatutazama kama wapotevu.

Kilichotusaidia ni simu. Kijana mmoja alikuwa amepiga picha za mulongo tarehe 21, kwa kuchekesha rafiki zake, na ndani ya picha zile sura za wenzetu saba zilionekana vizuri, na ubao wa masomo nyuma. Saba wale wamerudishiwa siku yao. Wanne wangali. Barua ya onyo haijatolewa ndani ya dosiye, na tunaifuatilia.

Tunaeleza haya kwa urefu juu kuna watu wanaosema ni jambo dogo, siku moja ya mshahara, tuongee juu ya prime na dawa. Siku moja si dogo kwa mtu wa sutretansi ambaye kontra yake ni ya miezi mitatu mitatu na absansi mbili zinatosha asiitwe tena. Hao wa sutretansi hata hawakuja biro. Tulisikia kwa wake zao sokoni kwamba wengi waliamua mapema: kura hapana, kazi ndiyo. Mama mmoja alituambia alipiga kura, kaka yake alipiga, mkwe wake alipiga, bwana yake hapana, na ndani ya nyumba ile yeye ndiye mwenye kulipa kodi kila mwezi, inakatwa kwenye mshahara kabla hajaiona. Serikali inamjua vizuri sana siku ya kukata.

Sisi tunaona sababu ni moja. Siku ya kura ilipangwa na watu wa biro, kwa saa za biro. Hawakukusudia ubaya. Mtu anayeanza kazi saa mbili na kutoka saa kumi haoni posti ya usiku, kama vile sisi wenyewe kwenye kariere tulikuwa hatuoni kwamba mhasibu naye anachoka. Na direksioni nayo ilibandika karatasi ya tarehe moja juu karatasi ile iliandikwa na mtu ambaye nyumba yake iko dakika kumi na kituo.

Uchaguzi ujao ni mwaka 2028. Inaonekana mbali, lakini kwa kazi ya karatasi si mbali. Tumeandika barua kwa direksioni, nakala kwa inspeksioni ya kazi, tukiomba mambo haya yaingie ndani ya mapatano yetu kabla, siyo wiki ya mwisho. Kwanza tablo ya ekipe ya siku ya kura ifanywe pamoja na madelege, kila posti ikatwe katikati, nusu ipige asubuhi, nusu ipige mchana, na bisi zifuate tablo ile. Tena iandikwe wazi kwamba kama CENI inaongeza siku, ruhusa nayo inaongezeka, bila sefu wa ekipe kungoja simu kutoka Lubumbashi. Na mfanyakazi wa sutretansi ahesabiwe sawa na wa kampuni, juu mulongo ni uleule.

Kwa CENI tuna ombi lingine. Sheria inaruhusu watu fulani wapige kura mbali na kituo walikoandikishwa: mashahidi wa vyama, watazamaji, wanahabari, wenye kufanya kazi ya CENI. Ni vizuri, juu siku ile wako kazini. Na mtu aliyeandikishwa Likasi kwa familia yake, lakini wiki ile yuko posti Fungurume au Kolwezi, yeye yuko wapi kama si kazini? Aongezwe kwenye liste ile, au wakati wa kuandikisha waje na mashini mpaka kambini. Tutawaandikia wabunge wetu pia, wale waliokuja kwenye mlango wa mgodi mwezi wa 11 na tishirti na kofia. Kofia tungali nazo.

Tunajua yanayosemwa kwenye bisi: hao wameingia biro, wamekuwa wazungu weusi, watasahau shimo. Semeni, ni haki yenu, mlituchagua. Lakini tuwaambie kitu kimoja tulichokikuta. Kwenye mlango wa biro hii kulikuwa kibao: saa mbili mpaka saa tisa, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya tano. Maana yake mtu wa mchana asingetukuta hata siku moja, na mtu wa usiku angepashwa kukosa usingizi kutuona. Ni kituo kilekile cha kura, mlango mwingine tu. Wiki ya pili tukatoa kibao. Sasa mmoja wetu yuko pale tangu saa kumi na moja asubuhi mpaka saa moja, ekipe zinapobadilishana, na jioni vilevile. Katikati ya mchana pengine mtakuta kumefungwa. Ndugu wa direksioni hawakupenda, wanasema biro iliyofungwa saa nne inaonekana ya wavivu. Waje saa kumi na moja asubuhi, tutawapa chai.

Basi yeyote mwenye buletini ya mwezi wa 12 yenye absansi ya tarehe 20 au 21, aje nayo saa ya kubadilishana. Kama una picha ya mulongo mu simu yako, usiifute. Hata kama ni wewe tu unayeonekana, na hata kama ulikuwa unacheka. Wanne wale waliobaki, mmoja wao alisimama mbele ya masomo yenye ukuta wa buluu, karibu na mama anayeuza vitumbula, saa tatu hivi, na kofia nyekundu kichwani. Mwenye kumuona ndani ya picha yake atuletee.