Rosa Mistika kwenye meza ya kanisa

Vikundi vingi vya kusoma vitabu makanisani huanza na vitabu vya ibada, na ni vizuri. Lakini kikundi kinachotaka kuitazama imani pale inapoishi, yaani jikoni, kitandani na kwenye ada ya shule, kingefanya vema kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari. Kanisa alilijua kwa ndani, na familia aliyoiandika ingeweza kukaa benchi la mbele Jumapili yoyote. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi. Regina, mama, ni mvumilivu kupita kiasi. Rosa anapopata barua ya kijana, baba anampiga vibaya. Tangu hapo binti anawaogopa wavulana, na akishafika chuoni, uhuru unamkuta hana kinga yoyote.

Hapo ndipo mjadala unapopaswa kukaa kwa muda mrefu. Nani alimpoteza Rosa? Baba aliyedhani kiboko ni malezi? Mama aliyenyamaza? Majirani waliosikia kelele wakafunga madirisha? Wazee wa kanisa wakijibu maswali haya mbele ya vijana wao, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi za maadili.

Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kusema mambo waziwazi. Wachungaji na makatekista, msikiogope. Kisomeni na wazazi kwanza, kisha waiteni mabinti, na wao ndio waanze kuzungumza.