Kanoti iliyofifia haijakufa, musiiuze

Kuna neno moja linarudi kila mara katika mikutano ya koperative zetu za kando ya ziwa, toka Birava mpaka Katana: “Ile kanoti ya fibri imekwisha kufa, tuiuze tu, tugawane feza.” Ukiuliza imekufa ginsi gani, wanakuonyesha ubavu wake. Ilikuja ya buluu, sasa iko na rangi ya majivu. Ukiigusa, kiganja kinatoka cheupe kama umeshika chaki. Kwa macho ya wengi hiyo njo alama ya kifo. Mimi nasema hapana. Ile ni ngozi ya juu imechomwa na jua, na mara nyingi unene wa sehemu iliyoharibika hauzidi ule wa nywele. Chini yake kanoti iko mzima. Kuiuza kwa bei ya kuni juu ya ngozi tu ni kujiibia sisi wenyewe.

Wengine watauliza agronomi anatafuta nini kwenye kanoti. Anatafuta kabichi. Sisi wa Miti tuko na bahati ya barabara: ile kubwa inatushusha Bukavu, na ile ya Bunyakiri inaanzia hapa hapa kwetu. Lakini mwenye kulima Luhihi, Birava ao Idjwi, barabara yake ni maji. Nanasi haingojei. Kabichi iliyolala siku mbili kwenye gunia inafika sokoni njano, na mama muuzaji anaipokea kwa nusu ya bei. Koperative ikiuza kanoti yake, siku inayofuata wanachama wanarudi kwenye mashua kubwa za mbao za watu wengine, zinazoondoka wakati mwenye mashua anapenda na kubeba anavyopenda. Hatujasahau Aprili 2019, mashua iliyotoka Goma ilipozama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia moja wakapotea. Kwa hiyo jambo hili la rangi si urembo.

Kabla komite haijapiga kura ya kuuza, naomba ifanye jambo moja lisilogharimu hata franka. Kwenye kanoti nyingi za miradi kuna kibandiko kikubwa cha shirika lililoitoa. King'oeni kidogo kwenye kona. Chini yake mutaona buluu ya siku ya kwanza, inang'aa kama sahani mpya. Jua halikupita pale. Hiyo njo rangi ya kweli ya kanoti yenu, na kazi yote nitakayoeleza hapa ni kuirudisha huko. (Kwa mara ya kwanza, kibandiko cha mufadhili kimekinga kitu.)

Sasa sababu. Kanoti ya fibri imetengenezwa na nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi ngumu ya poliesta. Juu yake kuna tabaka laini lenye rangi, wataalamu wanaliita jelikoti, unene wake ni kama nusu milimita. Miale ya jua isiyoonekana inakata gundi ya tabaka hilo pole pole, hewa inamalizia, na rangi inabaki juu kama unga. Sisi tuko karibu digri 2 tu kusini ya ikweta, na uso wa Ziwa Kivu uko kwenye metre 1.460 hivi. Kila metre 1.000 unazopanda, miale hiyo inaongezeka karibu sehemu moja ya kumi. Baridi yetu ya Kabare inatudanganya: tunafikiri jua la hapa ni pole, kumbe kwa plastiki na kwa fibri ni kali kuliko lile la chini pwani. Buluu na nyekundu zinaonyesha ubaya mapema. Nyeupe inaficha, lakini inakufa vile vile.

Lakini weupe wote si mamoja, na hapa watu wanapoteza nguvu nyingi. Maji ya Kivu yako na chumvi za magnezi na magadi kwa wingi. Yakikauka kwenye ubavu yanaacha ukoko mweupe mgumu, zaidi kwenye mustari ule maji yanapofika. Ukoko huo si jua, na hata ungeusugua na polishi asubuhi mpaka jioni hautatoka. Ukate limau, uupake, ungoje dakika chache. Ukiona povu dogo, na weupe ukaanza kutoka, basi ni chumvi: maliza na limau ao siki, suuza vizuri, usimwage kwenye chuma za moteri. Kama weupe unatoka kwenye kitambaa cheusi kikavu kama unga, na ukimwagia maji rangi inarudi kwa dakika moja kisha inapotea ikikauka, basi hiyo ni jua. Kanoti nyingi ziko na vyote viwili. Anza na limau.

Kazi yenyewe si ya fundi wa ajabu. Ivuteni nchi kavu, muioshe kwa sabuni ya unga na kitambaa mpaka mafuta yote yatoke, muiache ikauke kivulini. Kivuli ni lazima: kwenye jua dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Kama unga ni kidogo, inatosha dawa ya kusugulia ile watu wa garaji wanatumia kwenye magari. Paka kwenye eneo la nusu metre, sugua kwa mviringo na kitambaa cha pamba, futa, uendelee. Vijana wanne wanaweza kumaliza ubavu mmoja kwa siku kama hawana haraka.

Kama unga ni mwingi na ngozi imekuwa kavu kama ukuta wa chokaa, dawa peke yake haitashinda. Tafuteni msasa wa maji, ile tunaita papyeveri ya maji, namba 800 kwanza, kisha 1.200, kisha 2.000, daima na maji. Namba inavyopanda msasa unakuwa laini, na kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka namba kwa kutaka kumaliza mapema, mikwaruzo itabaki na itaonekana siku ya jua. Baada ya hapo njo dawa ya kusugulia inaingia. Angalieni kingo na pembe: hapo jelikoti ni nyembamba sana, kwa hiyo msasa upite kwa mkono mwepesi ao usipite kabisa. Ukiona alama za nyuzi kama kitambaa, simama. Umemaliza ngozi, na sehemu hiyo inahitaji jelikoti mpya.

Unajua udongo wetu wa milima ya Kabare: ule mweusi wa juu ukienda na mvua, hakuna mbolea itaurudisha kwa msimu mmoja. Jelikoti ni vile vile. Kila mara ukiisugua unaondoa kidogo, na haijiongezi. Kwa hiyo kusugua si kazi ya kila mwaka. Kazi ya kila mwaka ni nta.

Nta ndiyo matandazo ya kanoti. Bila nta, ubavu uliong'arishwa leo utakuwa umeanza kufifia tena baada ya miezi michache. Paka mara mbili, tabaka juu ya tabaka, na urudie kila miezi mitatu ao minne. Wazungu kwenye baridi yao wanapaka mara moja kwa mwaka, lakini jua lao si letu. Watu wananiuliza juu ya nta ya nyuki, kwa sababu wafugaji wa nyuki wa pembeni ya Kahuzi-Biega wako nayo na bei si mbaya. Nawaheshimu sana, lakini nta ya nyuki peke yake ni laini, inayeyuka kwenye digri 62 hadi 64, na juani inakuwa ya kunata, inashika vumbi na masizi ya moteri. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende huko Brazil, inavumilia digri 80 na zaidi. Njo ile iko ndani ya nta nyingi za magari. Shauri langu ni kuuza nta ya nyuki kwa watengeneza mishumaa na kununua ya magari kwa feza hiyo.

Kitu ambacho sikubali kabisa ni rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha. Ni dawa ya kwanza kila komite inafikiria, juu iko kila duka na kwa siku moja kanoti inaonekana mpya kwa ajili ya sherehe. Lakini rangi iliyopakwa juu ya unga imeshika unga, haikushika kanoti. Miezi michache, inabanduka kama ganda la kitunguu, na sasa muko na kazi mbili: kuondoa rangi na kuondoa unga. Kama kweli jelikoti imekwisha, kuna rangi za kuchanganya dawa mbili, na chini yake rangi ya msingi. Hiyo mpeni fundi anayeijua.

Na vumbi. Vumbi la fibri liko na kioo ndani. Sugueni kwa maji, funikeni pua na mdomo, vaeni mikono mirefu. Maji machafu yamwagwe mbali na ziwa, kwenye shimo. Sambaza zetu zililetwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 na zimelisha watu wengi tangu wakati ule, tusizinyweshe poliesta.

Kuna faida ingine, na kwangu ni kubwa kuliko mng'ao. Mtu anayepolishi kanoti anagusa kila shibiri yake. Hakuna mkaguzi wa bandari atafanya hivyo. Hapo njo utaona mipasuko midogo kama nyota kwenye sehemu moteri inapofungwa, ao lengelenge chini ya mustari wa maji. Gonga na sarafu ao ufunguo: sehemu nzima inalia kavu, sehemu ambayo matabaka yameachana inalia kama mtungi uliopasuka. Hapo usipake nta, ita fundi kwanza. Kanoti inayong'aa na kupasuka inazama sawa na ile ya majivu, na pengine ni mbaya zaidi kwa sababu watu wanaiamini.

Jarida hili linalipwa na watu wa misaada, basi niseme hapa hapa. Miradi inatoa kanoti na moteri, na siku ya kukabidhi kuna kitambaa cha kukata, na picha. Katika bajeti huoni mustari wa nta, wa msasa, wala wa kibanda cha kuiwekea. Mradi unafunga, kanoti inabaki juani, mwaka wa tatu iko kama majivu, na ripoti inaandika kwamba wakulima hawajui kutunza. Hawakufundishwa, na hawakuachiwa kitu. Bei ya vibandiko vya mradi mmoja ingenunua nta ya miaka kadhaa.

Lakini na sisi tusijifiche nyuma ya mufadhili. Mahesabu ni rahisi. Kama kanoti yenu inabeba magunia 20 kwa safari, nauli ya gunia moja kila safari iingie kwenye sanduku la kanoti peke yake, si kwenye sanduku la mikopo ya msimu wala la matanga. Mtunza sanduku awe mtu mwingine, si yule anayeendesha. Ikiwezekana awe mmoja wa mama wauzaji, juu wao njo wanapoteza wa kwanza safari ikikosekana. Mwenye kusema gunia moja ni nyingi aulize mnunuzi wa mwisho wa kanoti kama hizo alifanya nini nayo. Kwa kawaida ameipolishi wiki moja, na sasa anawatoza nyinyi nauli.

Kwa sasa, hata kabla ya kununua msasa, jengeni kivuli. Bashi iliyokazwa juu ya kanoti haifai, inafunga unyevu ndani na kuleta malengelenge. Kibanda cha miti na majani kinatosha, hewa ipite. Sehemu za wazi zielekee kaskazini na kusini, na upande wa mashariki na wa magharibi majani yashuke karibu na chini, maana jua la asubuhi na la jioni linaingia kwa ubavu. Urefu wake mupime kanoti ikiwa na moteri juu yake, kwa sababu wengi wanasahau hilo na sehemu ya nyuma inabaki nje.