Hasara Iko Jamvini, Si Mizanini

Ndugu wanachama,

Kila msimu husikika maneno yale yale mlangoni mwa kituo cha kununulia karafuu: mizani haisemi kweli, mpimaji ana upendeleo, gunia la fulani limepita na langu limerudishwa. Hatusemi kwamba mpimaji hakosei. Akikosea, mwanachama atuletee habari, nasi tutalifuata jambo hilo mpaka mwisho. Lakini twaona kwamba sehemu kubwa ya hasara yetu huwa imekwisha kutokea kabla gunia halijashonwa.

Tuitazame safari ya karafuu yenyewe. Ikichumwa changa, uzito wake hupungua. Ikiachwa mpaka ua likafunguka, kichwa kimekwenda. Ikiwa tunda, si karafuu tena. Mchumaji naye hulipwa kwa pishi, basi huvuta tawi zima ili ajaze upesi, na tawi lililovunjika leo halizai mwakani. Tusimlaumu yeye peke yake. Mwenye shamba atazamaye pishi tu, asiutazame mti, ndiye aliyemfundisha.

Kisha huja jioni. Karafuu mbichi ikilazwa katika gunia au lundo hupata joto na kuchacha. Ikikauka huwa imefifia rangi na kukunjamana, na hapana jua la kuirudisha. Aanikaye kando ya barabara hupata mchanga. Aanikaye tabaka nene hupata ya juu kavu na ya chini mbichi. Yote hayo humiminwa katika gunia moja, na ile njema iliyofanyiwa kazi siku nzima hushuka daraja kwa ajili ya ile mbovu.

Wako wasemao kwamba wazee wetu walianika hivi hivi wakauza. Ni kweli, lakini zamani hizo sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Leo Indonesia huzalisha nyingi kutupita mbali, na Madagaska huuza nyingi nchi za nje. Kwa wingi hatuwawezi. Tuwezalo ni usafi, tena usafi ule ule katika kila gunia litokalo kwa kila mwanachama.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, karafuu ichambuliwe siku ile ile iliyochumwa, na makonyo yawekwe mbali. Nayo yana thamani yake, kwani hukamuliwa mafuta. Pili, ianikwe tabaka jembamba juu ya jamvi safi au sakafu, igeuzwe kwa mkono bila ya kukanyagwa, na ikusanywe kabla ya mvua na umande. Tatu, ya leo isichanganywe na ya jana mpaka zote zimekauka, nayo karafuu kavu huijua kwa kuikunja: hukatika.

Nne, kila mwanachama awe na daftari. Aandike uzito wa karafuu mbichi baada ya kuchambua, na uzito wake ikikauka. Kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Basi aliyeanika kilo 300 akapata 85, na aulize zile 15 zimekwenda wapi: zilikuwa changa, zilimwagika, au zimeibwa? Na aliyepata 115 asifurahi mapema, huenda bado zina maji, na zitaota ukungu ghalani. Bila ya daftari, kila mtu atabaki kumshuku jirani yake na kuishutumu mizani.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka jamvi, kalamu na saa mbili za jioni. Twaomba kila tawi lilizungumze jambo hili kabla ya msimu kuanza, na lichague watu wawili wa kuzungukia wenzao majamvini, wakague kwa wema bila ya kuaibishana.

Mchumia juani hulia kivulini. Lakini aliyechuma juani akaanika ovyo, huyo kivulini atalia machozi.

Wassalaam,
Katibu