Kamera unayo. Karatasi je?
Wasee, pita Moi Avenue leo. Vijana wa kamera wako kila kona, na kazi yao ni safi. Ndoto ni moja: majuu.

Sasa tuambiane ukweli. Baadhi ya viza za ujuzi za Australia zinahesabu pointi, na kwa hizo lazima ufikishe angalau 65. Ukiwa na miaka 18 hadi 24, umri unakupa 25. Zingine zinatoka kwa Kiingereza, masomo na miaka ya kazi. Wafuasi wa TikTok? Sufuri.

Mimi niliacha chuo, so sitakuambia urudi darasani. Lakini ukishuti harusi kwa makubaliano ya mdomo na kulipwa keshi, hata miaka mitano ya kazi huwezi kuithibitisha. Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Toa risiti. Weka meseji za M-Pesa. Ulizia RPL, ule mpango wa KNQA wa kutambua ujuzi uliojifunza kazini.

Na ajenti akitaka doo, kwanza angalia kama amesajiliwa na National Employment Authority. Hayuko? Hepa.

Wewe una risiti ngapi za mwaka huu?