Mwongo Hasemi Paukwa

Wapo watu miongoni mwetu, tena watu wazima wenye heshima zao, ambao wamwonapo kijana ameinamia kitabu chenye habari za majini, mazimwi na nchi zinazoelea hewani, humwuliza kwa ukali kwa nini anapoteza wakati wake kwa uongo. Kitabu kikiwa cha historia au cha kilimo, humsifu; kikiwa cha ajabu, humnyang'anya. Madhumuni ya makala haya ni kuipinga tabia hiyo, na kuwaomba walimu na wanafunzi wa sekondari wasome riwaya za ajabu bila ya kuona haya, wakianza na zile zilizoandikwa kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Sitaki kuwasingizia wapinzani wangu udhaifu wasio nao. Katika kikao kimoja cha wazazi hapa Pasiansi, mzee mmoja alisimama akashauri kwamba vitabu vya namna hiyo viondolewe katika kabati la shule ya watoto wetu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema: "Ndugu zangu, Kanda hii ya Ziwa imeumizwa na imani za uchawi. Tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho yao mekundu. Leo mnawapa watoto vitabu vya majini, kesho mtashangaa wakiamini ramli?" Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi nilisimama kumjibu, nikababaika, nikaketi. Jibu nililoshindwa kulitoa siku ile ndilo ninaloliandika hapa.

Kwanza nakiri msiba wenyewe. Ni kweli kwamba katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wanawake wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hali macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 2007 taifa zima lilishtushwa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, walioviziwa kwa ajili ya viungo vyao. Na mwezi wa Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mtu akiogopa mambo haya, haogopi kivuli. Lakini nauliza: je, wauaji wale walipotoshwa na riwaya? Je, nani kati yao alikutwa na Kusadikika mfukoni? La hasha! Walipotoshwa na mtu aliyeketi mbele yao, akapokea fedha yao, akawatajia jirani yao kwa jina.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo mzee wetu hakuiona. Mtambaji wa hadithi husema "Paukwa", na wasikilizaji huitika "Pakawa". Maneno hayo mawili ni mapatano. Msemaji anakiri kwamba sasa anaingia katika nchi ya kubuni, na msikilizaji anaridhia kumfuata, akijua kwamba hadithi ikiisha atarudi nyumbani kwake salama. Mpiga ramli hasemi Paukwa. Yeye huleta hadithi yake kama ushahidi wa mahakamani, hana mapatano na mtu, na hadithi yake haiishi mpaka damu imemwagika. Kwa hiyo kijana aliyezoea kuitika Pakawa, akajua kubuni ni nini na kunafanywaje, ndiye mgumu kudanganywa. Asiyepata kuionja hadithi kama hadithi ndiye anayeimeza ramli nzima nzima.

Wala sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wasukuma wanayo hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote na mifugo yao yote. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akamzaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi; alipoambiwa habari za zimwi, akatoka kulitafuta. Siku moja akarudi na panzi: "Mama, nimemwua Shing'weng'we!" Mama akamjibu, "Mwanangu, huyo ni panzi tu." Akarudi na ndege, akarudi na mnyama wa porini, na kila mara mama akamwambia kwamba huyo siye. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka.

Naomba mwalimu asome tena sehemu ile ya panzi. Kijana ana hasira ya haki na silaha mkononi, na anatafuta wa kuua. Kinachoukinga ulimwengu na makosa yake ni mzazi anayesema: huyo siye. Hebu tujiulize, vijana waliotumwa kuwaua vikongwe wetu walikuwa na nani wa kuwaambia neno hilo? Walionyeshwa panzi wakaambiwa ndiye zimwi.

Hadithi haiishii hapo. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio mwanamke mzee aliyekuwa ndani. Yule bibi akakasirika, akataka kumwangamiza kwa uchawi. Shujaa alifanya nini? Hakumwua. Alimtafutia dawa ya sikio, akamponya, na watu wakamfanya mtemi wao. Haya ndiyo mafundisho ya wazee wa Usukuma juu ya kikongwe mwenye hasira: aliumizwa, basi atibiwe. Anayetaka kuiondoa hadithi hii shuleni kwa ajili ya kuogopa uchawi anaitupa dawa pamoja na ugonjwa.

Sasa niwageukie wapinzani wa upande wa pili, ambao ni vijana wenyewe. Hawa wanazipenda hadithi za ajabu, lakini wanaamini kwamba ajabu ni mali ya Ulaya. Sina ugomvi na anayesoma vitabu saba vya J. K. Rowling, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007, wala anayemsoma Tolkien, ambaye alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Na wasome. Ugomvi wangu ni na yule anayesema Waswahili hawana kitu. Huyo ni sawa na mtu anayekaa ufukweni mwa Ziwa Victoria akiagiza sangara wa kopo.

Msomaji mgeni aanze na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Humo Adili anawachapa kila usiku manyani wawili ambao kwa asili ni ndugu zake, na humo umo mji ambao watu wake waligeuka mawe. Chanzo cha kisa hicho ni Alfu Lela Ulela, na huko wale ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akakipa kisa roho ya kwetu. Kijana wa Mwanza, aliyekulia kati ya majabali yaliyobebana, akimaliza kukisoma kitabu hicho hatayaona majabali kwa jicho lile lile.

Kisha asome Kusadikika, cha mwaka 1951, nchi isiyo na ardhi chini yake, ambamo Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Afuatishe Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, juu ya mfalme aliyekosa mrithi. Kumbukeni kwamba Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mambo ambayo mtumishi hakuweza kuyasema juu ya nchi aliyoikanyaga, aliyasema juu ya nchi aliyoiweka hewani. Na bado tunaambiwa hizo ni porojo!

Mwenye nguvu zaidi na avuke mpaka Ukerewe, kisiwa kinachofikiwa kwa meli kutoka hapa mjini, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi katika kijiji cha Namagondo mwaka 1944. Riwaya zake mbili fupi, Nagona na Mzingile, ambayo ilitoka mwaka 1991, ni ngumu. Sikuzielewa niliposoma mara ya kwanza, na sioni aibu kusema hivyo. Zisomwe kama mtu aotavyo ndoto, pole pole, bila ya kudai kila ukurasa ulipe deni lake papo hapo.

Wako na wengine. Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya (1995) inampeleka mhukumiwa angani mpaka nchi ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema "wale ni sisi". Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) inatupeleka ahera. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) inamrudisha babu kutoka kaburini kumsuta mjukuu wake aliyelewa madaraka. Na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) inazunguka dunia nzima. Je, huo ndio umaskini?

Nina neno moja la mwisho kwa walimu, na ninalisema kwa heshima. Tumezoea kumpa mwanafunzi riwaya ya ajabu na papo hapo kumwuliza dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kana kwamba kitabu ni muwa wa kukamuliwa maji na kutupwa. Mwanafunzi huyakariri majibu, hufaulu mtihani, wala hajapata kuogopa, kucheka wala kustaajabu. Mwacheni kwanza astaajabu. Dhamira haitakimbia, itamfuata mwenyewe njiani akienda nyumbani, kama sikio la yule bibi linavyonifuata mimi mpaka leo.

Basi na nimjibu mzee wangu wa Pasiansi. Kabati la shule lisipunguzwe hata kitabu kimoja. Liongezwe, na kijana aketi na mwalimu au mzazi atakayemwambia ukweli kila anapoleta panzi. Jibu langu nalifunga kwa ubeti mmoja:

Kijana mpe ajabu, za zimwi na za majini,
Ajue yale ya babu, aliyosema zamani,
Asitiwe majaribu, na wenye hila moyoni,
Ajuaye ya kitabu, hadanganywi maishani.