Hezeli na Karafuu: Chama ni cha Wenye Mashamba



Desturi ya ukurasa huu ni kuzungumza habari za mikarafuu yetu. Leo twaomba ruhusa yenu tusafiri kidogo, kisha tutarudi nyumbani na mzigo wetu. Twakwenda Georgia, nchi iliyo baina ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukasi. Huko magharibi, katika majimbo ya Samegrelo, Guria na Imereti, watu hulima hezeli, kokwa ndogo zenye gamba gumu zitiwazo katika chokoleti. Waarabu huziita bunduq, na neno letu bunduki asili yake ni hilo, kwani gololi zilizorushwa zamani zilifanana na kokwa hizo.

Yatuhusu nini hayo? Yatuhusu sana, kwa kuwa mkulima wa hezeli na mkulima wa karafuu ni ndugu katika dhiki. Nchi ile ilipotoka katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, ardhi iligawiwa familia, na leo wengi wa wakulima wa hezeli wana shamba lisilotimia hekta moja. Hezeli huvunwa Agosti na Septemba, zikiwa na maji. Zisipokaushwa upesi huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumu ambayo wanunuzi wa Ulaya hawaikubali ikizidi kiasi. Mwenye shida ya fedha huziuza mbichi siku ile ile kwa mchuuzi apitaye, kwa bei aitakayo mchuuzi. Mwenye mahali pa kukaushia na pa kuwekea hungoja, akauza kokwa safi kwa bei nzuri.

Je, si mambo yetu haya? Karafuu ikichumwa yataka jua na jamvi. Ikirundikwa mbichi hupata joto, ikavunda na kupauka, na mvua ya vuli haimwulizi mtu kama ana watoto wa kusomesha. Bei ya karafuu hapa kwetu hutangazwa na Serikali, na hununuliwa kwa daraja. Basi bei hatuipangi sisi, lakini daraja twalipanga kwa mikono yetu. Anayepeleka karafuu chafu, zilizochanganyika na makonyo, amejipunguzia mwenyewe kabla mzani haujasema neno.

Tena wako wenzetu wanaouza karafuu zikiwa bado mtini, kwa sababu msimu umewakuta hawana fedha za kulipa wachumaji. Hao twawaonea huruma, hatuwalaumu. Lakini huruma peke yake haimlipi mchumaji.

Turudi Georgia. Mnamo mwaka 2016 na 2017 lilizuka balaa la mdudu atokaye Asia ya Mashariki, mwenye harufu mbaya, ambaye hutoboa kokwa ikingali mtini na kuifyonza. Mavuno ya watu wengi yaliharibika. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa shamba la mtu mmoja si ngome. Ukipiga dawa kwako, mdudu huruka akaenda kwa jirani. Dawa ikiisha nguvu, hurudi. Ilibidi Serikali, vyama na wakulima washikane, dawa ipigwe eneo zima na mitego iwekwe kila mahali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, tusidhani kuwa neno chama ni dawa ya kila ugonjwa. Georgia ilitunga sheria ya vyama vya ushirika wa kilimo mwaka 2013, na vyama vikaota kama uyoga baada ya mvua. Vingi viliandikishwa ili kupata misaada, na msaada ulipokwisha, navyo vikanyamaa. Tena wazee wa huko walikumbuka mashamba ya pamoja ya kulazimishwa ya zama za Kisovieti, wakawa na shaka na kila kitu kiitwacho ushirika. Uturuki, inayoongoza ulimwengu kwa hezeli, ilianzisha Fiskobirlik mwaka 1938, muungano mkubwa wa ushirika wa wakulima hao. Ulipofika mwaka 2006 muungano huo ulishindwa kuwalipa wakulima fedha zao, watu wakajaa barabarani katika mji wa Ordu, na Serikali ikaagiza shirika lake la nafaka linunue hezeli.

Na sisi tunayo historia yetu. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha Unguja na Pemba kilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1937 kilipewa na wakoloni mamlaka juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia, na ugomvi haukwisha hata mwaka 1938. Amri ile ilitoka juu, haikutoka shambani.

Mafunzo ni mawili. Chama kisichoundwa na wenye mashamba hakina mizizi. Na chama kinachoahidi kuliko kilichomo sandukuni kitaanguka, hata kiwe kikubwa namna gani.

Basi katika Mkutano Mkuu ujao tutaleta mashauri mawili. La kwanza, tujenge sakafu moja ya kuanikia, yenye banda la kukimbilia mvua na ghala kavu. La pili, tuanzishe akiba, ili mwanachama akopeshwe fedha za wachumaji, alipe akiisha kuuza, asiuze tena karafuu mtini. Tuanze kwa kiasi cha fedha tulizo nazo, wala tusingoje mfadhili.

Twajua wako wasemao, "Ada zetu zitaliwa." Neno hilo si la kudharauliwa. Jawabu letu ni hili: hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, daftari liwe wazi kwa kila mwanachama, na asiyelipa deni asikopeshwe tena, awe mjumbe wa kamati au awe katibu.

Lakini asemaye hayo naye aje mkutanoni. Daftari lisilosomwa na wenyewe haliwezi kulindwa na katibu peke yake. Msimu haungoji. Tukikutana sasa, huenda mikarafuu ikazaa tukiwa tayari, inshallah.