Chujio la dizeli na deni letu kwa mafundi wa Eastlands

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nami, licha ya kuifafanua methali hii darasani kwa miaka mingi, niliudharau mwiba wangu hadi uliponichoma asubuhi moja katika Barabara ya Jogoo. Gari langu la dizeli, ambalo kwa majuma kadhaa lilikuwa likipanda vilima kwa shida, lilizima karibu na Makadara na kukataa katakata kuwaka. Mwiba wenyewe ulikuwa chujio la mafuta, kifaa kisichozidi ukubwa wa kopo la maziwa, ambacho sikuwa nimekibadilisha kwa zaidi ya miaka miwili.

Gari lilivutwa hadi katika karakana za Kariobangi Light Industries, na huko nikakabidhiwa kwa kijana mmoja mwanagenzi. Aliweka beseni chini ya chujio, akalegeza koki iliyo kitakoni mwake. Kilichotangulia kutoka hakikuwa dizeli bali maji yenye rangi ya kutu. "Mwalimu, maji ni mazito kuliko dizeli, ndiyo maana yanakaa chini," akaniambia. Akalifungua chujio kuukuu, akapangusa mahali lilipokuwa limekaa kwa kitambaa safi, akahakikisha kwamba mpira wa zamani haukubaki umenata hapo. Kisha akaupaka mpira wa chujio jipya dizeli kidogo na kulikaza kwa mkono.

Nilidhani kazi imekwisha, nikamwomba awashe. Akatabasamu. "Bado, mwalimu. Lazima tutoe hewa kwanza." Akalegeza skrubu ya kutolea hewa na kuipiga pampu ya mkono. Dizeli ikatoka na mapovu, na mapovu yalipokoma akaikaza skrubu ile. Nilipomwuliza sababu, alinijibu hivi: "Dizeli haikubali kushindiliwa, hewa inakubali. Hewa ikibaki ndani, pampu itashindilia hewa tu, na nozeli hazitafunguka." Akawasha, gari likanguruma, naye akainama kuchunguza kama kuna mahali panapovuja.

Kwa maneno hayo machache kijana yule alikuwa amenifundisha sura nzima ya fizikia, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la sita angekielewa. Ndipo nikamwuliza alisomea wapi. Akaniambia kwamba aliwahi kujiunga na chuo kimoja cha ufundi, akaacha katika muhula wa pili. Katika mtihani mmoja alitakiwa aeleze, kwa Kiingereza, hatua za kubadilisha chujio la dizeli. Alipata alama tatu kati ya kumi.

Msomaji, hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kijana hakushindwa na chujio, alishindwa na lugha aliyopimiwa chujio. Nasi walimu tumezoea kuziita alama kama hizo ujinga.

Mtu asidhani kwamba tunazungumzia jambo dogo. Tundu za nozeli ni nyembamba mno, na machujio mengi ya dizeli hunasa chembe za mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa kati ya mikroni 50 na 100. Fundi asiyejua kwa nini mikono na vitambaa viwe safi anapolifungua chujio huweza kuingiza uchafu kuliko aliouondoa. Matatu zinazowasafirisha watu wa Kayole, Umoja, Dandora na Buruburu hutegemea ujuzi huo kila alfajiri. Mwanafunzi anayechelewa shuleni kwa sababu matatu imezima njiani analipa gharama ya ujuzi uliokosekana mahali fulani.

Isitoshe, fundi mwenye maarifa humlinda mteja dhidi ya udanganyifu. Mnamo 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Ushuru huo uliwaumiza wakazi wa mitaa hii hii wanaopikia mafuta ya taa. Chujio hunasa takataka na maji, lakini mafuta ya taa hupita humo bila kizuizi, na kwa kuwa hayalainishi kama dizeli, huweza kuila pampu polepole. Mwenye gari anayeuziwa chujio jipya kila mwezi kama dawa ya mafuta yaliyoghushiwa anaibiwa mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Nawaalika Kariobangi wasikilize wenyewe. Injini, pampu, spana, koki na nozeli zimekwisha kupata uraia. Chujio ni neno lililomo katika kila jikoni, kwani ndilo tunalochujia chai, na fundi anayesema "filta" hajakosea pia. "Kutoa hewa" hakuhitaji kamati ya kukusanifisha. Majirani zetu wa Tanzania wamefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tulichokosa ni nia.

Sisemi tukitupe Kiingereza. Vitabu vya maelekezo ya magari mengi vimeandikwa kwa lugha hiyo, na fundi anayeisoma ana faida kubwa. Ninalosema ni kwamba maarifa yasizuiwe mlangoni na lugha wakati ambapo mwenyewe anayo tayari mikononi na kinywani.

Basi walimu wenzangu wa Kiswahili, tunapofundisha insha ya maelekezo, tusiwape wanafunzi jinsi ya kupika ugali peke yake. Tuwatume karakana iliyo karibu nao, waandike hatua za kubadilisha chujio, kisha wamsomee fundi awasahihishe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi wasiishie maktabani. Nao wanaotunga mitihani ya ufundi wamruhusu mtahiniwa kujibu kwa lugha yoyote kati ya zile mbili rasmi.

Kabla sijaondoka kijana yule alinikumbusha niimwage maji ya chujio mara kwa mara, nisingoje gari lizime tena. Nimelitii agizo lake. Alama tatu alizopewa zingali zinanikereketa, kwa maana mimi ningempa kumi.